Mama na Mafeni ya Ziwa Nalingwe

Mtaa wa Sokoni,
Nachingwea.
21 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Agapiti,

Hujambo huko Kasulu? Teddy na watoto hawajambo? Natumaini kikohozi cha Abel kimekwisha, maana mara ya mwisho nilimsikia kwenye simu anakohoa kama mzee mvuta tumbaku. Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unanisumbua kidogo kwa ajili ya kuinamia cherehani, lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Shemeji yako Ildefonsi anakusalimu sana. Sasa hivi yuko shambani Naipingo anapalilia mahindi. Mvua ya mwaka huu imekuja na fujo, palizi haina mwisho, ukimaliza huku kule kumeshaota.

Korosho zilikwenda vizuri, tunashukuru. Ufuta wa Mama kijijini ndio tunausubiri upandwe, akipata nafasi ya kurudi.

Nilipata ujumbe wako. Uliuliza jambo moja tu: "Dada, ni kweli Mama alikamatwa na polisi?" Nilitaka kukujibu pale pale, lakini jambo lenyewe haliingii kwenye ujumbe wa simu, na najua ukimpigia Mama anakwambia "mimi mzima" halafu anakata. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Mama mwenyewe yuko hapa kwangu tangu juzi, amekuja kuangaliwa macho. Amesema barua isitoke nyumbani humu kabla sijamsomea yote. Kwa hiyo ukiona mahali nimeandika "Mama anasema", ujue amesimama nyuma yangu.

Hakukamatwa, mdogo wangu. Alikaa ndani ya boti akakataa kushuka. Lakini nianze mwanzo, maana wewe uliondoka mdogo kwenda seminari, na mambo ya Nalingwe ulikuwa unayasikia kwa mbali tu.

Ziwa lile unalikumbuka, pale chini ya kijiji chetu upande wa Nandagala, lenye matete pande zote na upepo usiopumzika. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuogelea upande wa kaskazini, tukadhani ni kwa sababu ya mamba. Mamba hawakuwapo hata siku moja. Wakati wa vita vya Majimaji watu wa kijiji walikimbilia kwenye matete yale na watoto wao. Askari wakayachoma moto. Waliokuwa mbele waliungua, waliokuwa nyuma waliingia majini, na hawakutoka. Hakuna aliyezikwa. Ziwa ndilo kaburi lao. Kila mwaka mwezi wa Novemba, kabla mvua haijashika, kila ukoo unaingia majini hadi magotini, unamwaga unga wa mtama, na mtu mmoja anawaita watu wake kwa majina. Wakristo wanasali Baba Yetu, Waislamu wanasoma Fatiha, kisha wote wanakula uji pamoja. Kwetu anayeita ni Mama. Kwa akina Mbaruku anayeita ni Bi Fatu.

Bi Fatu huna haja ya kuelezwa. Mama alipolazwa miezi ile baada ya kukuzaa, ni yeye aliyekunyonyesha pamoja na Mbaruku wake. Sasa Mbaruku huyo ndiye mwenyekiti wa kijiji.

Mwaka jana mwezi wa Julai ulifanyika mkutano wa kijiji kuhusu barabara. Mwishoni, watu walipokuwa wanainuka kujikung'uta vumbi, Mbaruku akasema kuna kampuni inataka kuweka mitambo ya kufua umeme kwa upepo. Watu wakapiga makofi wakaenda zao. Mitambo yenyewe watu wameipa jina la mafeni, kwa sababu ya yale mapanga yanayozunguka. Hakuna aliyeambiwa kwamba mafeni ni kumi na mawili, wala kwamba manne kati yake yatasimama ndani ya Nalingwe kwenyewe, eti kwa kuwa maji si ya kina kirefu na upepo pale hauna kizuizi.

Nisikufiche, mimi niliposikia habari ya umeme nilifurahi. Umeme wa huku unakatika kila leo. Mwezi huu wa sare za shule nimerudi kwenye cherehani ya mguu kama zamani, wateja wamenikalia mlangoni wakinitazama kama mwizi. Na Mbaruku naye alikuwa na yake. Mke wake alijifungua mtoto wa pili kwa mwanga wa tochi ya simu, umeme ukiwa umekatika, na kidogo awapoteze wote wawili. Alisema siku hiyo aliapa. Kwa hiyo usimfikirie vibaya. Hakupewa kitu chochote. Aliharakisha tu, akawaambia wageni kwamba kijiji kimekubali.

Mwezi wa Septemba wapimaji wakaja na boti ya mpira na mtambo wa kuchoronga, waanze kutoboa chini ya ziwa kuangalia ugumu wa udongo. Mama alikuwa ameambiwa jana yake na watoto waliokwenda kuvua perege. Asubuhi akachukua ungo wake wa mbaazi na mwavuli ule mweusi wa kanisani, akateremka ziwani, akakuta boti imefungwa kwenye kisiki. Akapanda. Akaketi katikati, akafungua mwavuli, akaanza kuchambua mbaazi.

Mkuu wa wapimaji ni injinia anaitwa Anuari, mwenyeji wa Tanga, mtu mpole. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyozungumza.

"Shikamoo mama. Tunaomba ushuke, tunataka kuanza kazi."

"Marahaba. Anzeni, sijamzuia mtu."

"Lakini kazi yetu ni ndani ya boti, mama."

"Na yangu pia. Huoni mbaazi?"

Anuari akacheka, akadhani ni utani. Jua lilipopanda akaona si utani. Akampigia mwenyekiti, Mbaruku akaja na pikipiki mbio hadi kwenye matope.

"Mama Letisia, unaniaibisha mbele ya wageni."

"Wageni umewaleta wewe. Wenyeji uliwauliza?"

"Mkutano ulifanyika!"

"Mkutano wa barabara. Mbona hukusema mtatoboa makaburi?"

Hapo Anuari akauliza, "Makaburi gani?" Mama akamwonyesha maji kwa kidevu, basi, akaendelea na mbaazi zake.

Mtendaji wa kijiji aliogopa yasije kuwa makubwa, akaita polisi. Walikuja kwa gari, askari wawili, mmoja wa kike. Yule wa kike aliingia majini na viatu vyake, akamwomba Mama kwa heshima waende Ruangwa akatoe maelezo, na Mama akakubali kwa sharti kwamba boti nayo itolewe majini. Ikatolewa. Akatoa maelezo, akapewa chai, jioni akarudishwa nyumbani kwa gari lile lile. Kuna mtu alimpiga picha anapanda gari la polisi na ungo mkononi, ndiyo hiyo iliyokufikia huko. Mama anasema niandike kwamba hakulia hata kidogo, na kwamba chai ilikuwa na sukari nyingi mno.

Injinia Anuari aliwaambia wakubwa zake kwamba hapandi boti ile tena mpaka kijiji kikae upya. Walimkaripia kwa simu, kila mtu alisikia, lakini hakubadili neno lake.

Ungedhani mambo yaliishia pale. Ndipo yalipoharibika.

Kijiji kiligawanyika. Vijana walikuwa wanataka kazi na umeme, wakasema wazee wanapenda giza. Mashine ya kusaga ikizimika walikuwa wanasema, "Nendeni mkasagiwe na Mama Letisia." Mmoja alimtupia maneno hayo usoni akiwa na ndoo ya mahindi kichwani. Nilikwenda wikiendi ile nikamkuta Mama anatwanga kwa kinu, mikono imechubuka. Nilimwomba aje akae kwangu hadi mambo yapoe. Akanijibu, "Nikiondoka watasema nimekubali."

Lililomuumiza zaidi ni Bi Fatu. Alikuja uani kwetu mimi nikiwepo, hakuketi.

"Umempeleka mwanangu kwenye midomo ya watu," alisema. "Mtoto uliyemwogesha kwa mikono yako."

"Mwanao anataka kupigilia vyuma juu ya watu wetu."

"Mjukuu wangu amezaliwa gizani, nusura afe. Wako yuko Kasulu, ana taa hadi chooni. Utajua nini wewe?"

Mama akamjibu neno baya, Agapiti. Alimwambia, "Wewe umeuza maiti zako." Nilitamani ardhi inimeze. Bi Fatu akasema taratibu, "Waliomo mle ni wangu wengi kuliko wako," akageuka akaondoka. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Majirani wanaochota maji bomba moja, wanaombana chumvi, mmoja akitoka nje mwenzake anaingia ndani. Mama anasema niandike kwamba neno lile analijutia. Nimeliandika.

Ikafika Novemba. Siku ya kuita majina nilifunga kibanda changu nikapanda basi la asubuhi. Nilikuta watu wengi kuliko miaka yote, nadhani wengi walikuja kuona kama kutatokea ugomvi. Shehe alikuwapo, katekista alikuwapo, Mbaruku alikuwapo kwa kuwa ni mwenyekiti na asingeweza kukosa. Injinia Anuari naye alikuja. Alikuwa amemwomba Mama ruhusa siku chache kabla, na Mama alimwambia aje bila karatasi zake. Alisimama nyuma kabisa, amekunja suruali.

Koo zinaingia kwa zamu, ile iliyofika kijijini kwanza ndiyo inayotangulia. Ukoo wa akina Mbaruku ni wa tatu, sisi tunafuata. Wa kwanza wakaita, wa pili wakaita. Ikafika zamu ya tatu, hakuna aliyeingia majini. Bi Fatu hakuja. Alikuwa amebaki nyumbani kwa hasira.

Upepo ulikuwa unavuma, matete yanalia. Wengine wakaanza kumwonyesha Mama ishara aingie yeye, zamu iende mbele. Mama hakusogea.

"Mbaruku," akasema, "ni zamu yenu."

"Mama, anayeita ni mama yangu."

"Hayupo. Wewe upo."

Mbaruku akatazama chini. Alisema kwa sauti ndogo, lakini tulimsikia wote, "Siyajui majina."

Nilimwangalia Mama. Yeye anayajua majina ya ukoo ule, amesimama kando ya Bi Fatu akiyasikia zaidi ya miaka arobaini. Angeweza kuyaita, na watu wangemsifu, na Mbaruku angeaibika mbele ya kijiji kizima. Nadhani wapo waliotaka iwe hivyo. Mama akasema, "Si wangu kuwaita. Tutamngoja mwenyewe." Kisha akavua kandambili zake, akaketi kwenye majani, na sisi wote tukaketi.

Mbaruku alipanda pikipiki akaenda kumchukua mama yake. Mimi sikudhani atakuja. Lakini haikupita muda tukasikia pikipiki, na Bi Fatu huyo nyuma, na kanga yake ya jikoni yenye masizi, hata hakubadilisha. Hakumtazama Mama. Alimshika Mbaruku mkono kama anavyoshikwa mtoto anayepelekwa shule, akaingia naye majini hadi magotini, akamwekea unga kiganjani.

"Mimi nitakunong'oneza, wewe utaita," alimwambia. "Kwa nguvu. Wako mbali."

Akaanza. Bi Fatu ananong'ona, Mbaruku anaita, unga unashuka majini. Yalikuwa majina ya Kimwera na ya Kiyao, mengine sijawahi kuyasikia kwa mtu aliye hai. Sauti yake mwanzoni ilikuwa ya mkutanoni, ya mwenyekiti. Kadiri alivyoendelea ikawa ya mtu wa kawaida. Halafu Bi Fatu akanong'ona jina moja, Mbaruku akageuka kumwangalia, akauliza, "Nani?"

"Ita."

"Mama, hilo ni langu."

"Lilikuwa la kwake kwanza. Mtoto wa kunyonya, alikuwa mgongoni kwa mama yake. Babu yako ndiye aliyekupa, ili lipate mtu wa kulitumia. Ita."

Agapiti, nimehudhuria misiba mingi, lakini sijawahi kusikia kitu kama kile. Mwanamume mzima, baba wa watoto wawili, amesimama majini analiita jina lake mwenyewe kuelekea kwenye matete. Aliliita mara moja, sauti ikamkatikia. Akashindwa kuendelea. Ndipo Mama aliposimama, akaingia majini na gauni lake la kanisani, akamshika mkono wa pili. Majina yaliyobaki Mbaruku aliyaita akiwa ameshikwa na wote wawili.

Tulipotoka majini Bi Fatu alimwambia Mama jambo moja tu, "Gauni lako limelowa." Mama akasema, "Litakauka." Wakaenda kukoroga uji. Sikuwasikia wakiombana msamaha, ila nilimwona Mama anampa Bi Fatu mwiko.

Mwezi wa Desemba ukafanyika mkutano mkuu wa kijiji, safari hii kwa jambo hilo peke yake. Mbaruku alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba mwezi wa Julai alisema kijiji kimekubali na kijiji hakikuwa kimeulizwa. Alisema anataka umeme leo kuliko jana, lakini hatasimama tena kwenye maji yale akiwaita watu walio chini ya nguzo za chuma. Vijana wengine walizomea kidogo. Kisha Injinia Anuari akaeleza kwamba amechora upya. Mafeni manne ya ziwani yanaweza kupandishwa kwenye kilima cha mashariki. Upepo kule ni pungufu na barabara itabidi ichongwe, lakini yatafanya kazi. Alisema wazi kwamba wakubwa zake hawakupenda.

Mama naye alisimama. Watu walidhani atasema mafeni yote yaondoke, na nijuavyo mimi ndivyo alivyotaka moyoni. Hapendi hata kuyafikiria yakizunguka pale juu, yanaonekana kutoka ziwani. Lakini alisema, "Huko kilimani sina mtu. Yawekeni. Na umeme ukija, mwanzo uende pale wanawake wanapojifungulia." Akaketi. Bi Fatu, ambaye hajawahi kupiga makofi kwenye mkutano wowote, alipiga yeye wa kwanza.

Mikono ilinyooshwa. Si yote, lakini mingi.

Majibu ya kampuni yalikuja wiki iliyopita. Wamekubali kuhama ziwani. Bado kuna mvutano kuhusu barabara ya kupandia kilimani, kwa sababu inakata mikorosho ya watu wawili, na hao hawajaridhika, wala siwalaumu. Mbaruku yuko katikati ya jambo hilo, na sasa anauliza kwanza halafu ndiyo anajibu. Wapimaji wameshaanza kuchoronga kule juu. Baadhi ya vijana waliokuwa wanamcheka Mama wamepata vibarua, na asubuhi wakipita wanamwamkia. Mmoja alimchukulia mahindi yake mashineni bila kuombwa.

Sijui mafeni yatasimama lini. Labda mwakani, labda baadaye. Lakini safari hii nikisikia habari ya umeme ninafurahi moyo ukiwa umetulia.

Naweka hapa salamu. Msalimie sana Teddy, mwambie kitenge chake nimeshakikata, bado kushona mikono tu. Wabusu watoto. Edina wa mama mkubwa amejifungua mtoto wa kike salama, anawasalimu. Bi Fatu anakuita mwanangu kama siku zote, na Mbaruku anasema ndugu mliyenyonya pamoja mbona humpigii simu.

Nimemsomea Mama barua yote. Amesikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Nilipomaliza aliniuliza, "Umemwandikia majina?" Nikamwambia hapana, ayataje niyaandike, bado kuna nafasi. Akakataa. Amesema majina yale hayasomwi, yanasikiwa, na maji lazima yawe magotini. Anataka uje Novemba na watoto wako. Sauti yake bado ipo, amesema, lakini safari hii atanong'ona, na atakayeita ni wewe.

Mungu awalinde nyote, awape afya na riziki, na awafikishe kwetu salama.

Mimi dada yako, nisiyeacha kukupenda wala kukuombea,

Letisia